Majivu ya Jiko Gani? Usafi wa nyumbani kwa vitu vya asili katika eneo la machimbo

Baadhi yenu mliosoma taarifa ya matumizi ya mradi wetu wa usafi wa nyumbani huko Rwamgasa mmetuuliza swali la haki kabisa. Mradi uliombewa fedha za kuwafundisha akina mama kutengeneza sabuni na kutumia vitu vya asili badala ya kemikali za dukani. Imekuwaje basi sehemu ya fedha hizo ikanunua mabeseni mekundu, misumari ya kutundikia nguo na turubai la kuzungushia mahali pa kubadilishia nguo machimboni? Makala hii ndiyo jibu langu kama mratibu. Nimeona niliandike kwa urefu, kwa sababu kuna sharika nyingine katika ukanda wa dhahabu zinazojiandaa kuanzisha vikundi vya sabuni, na nisingependa zirudie kosa letu.

Kosa lenyewe lilionekana siku ya kwanza ya mafunzo. Nilikuwa nimesimama mbele ya akina mama na ndoo ya majivu, nikieleza jinsi ya kuyachuja yatoe maji ya kufulia. Nikawaambia kwamba majivu ni mali iliyo bure, kila nyumba inayo, mtu ayachukue tu jikoni kwake. Mama mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Mratibu, majivu ya jiko gani? Maana baba watoto hapo hapo ndipo anapochomea dhahabu."

Sikuwa na jibu. Kitini changu kilikuwa na kurasa kadhaa kuhusu majivu, ndimu, magadi na siki, na hakuna hata mstari mmoja uliouliza majivu hayo yametoka wapi. Kingefaa sana kwa usharika wa wakulima. Rwamgasa si kijiji cha wakulima peke yao.

Vitu vya asili vinavyofanya kazi kweli

Nianze na upande mzuri, maana sitaki mtu aelewe kwamba vitu vya asili havifai. Vinafaa, na sababu zinaeleweka.

Majivu ya kuni yana chumvichumvi inayoitwa potashi. Ukiyaloweka na kuyachuja unapata maji yanayoteleza mkononi. Ule utelezi unatokana na ukali wa potashi, ambao hugeuza mafuta na jasho kuwa kitu kinachokubali kuondoka na maji. Ndiyo maana sufuria yenye mafuta husafishika kwa majivu na dodoki, na ndiyo maana bibi zetu waliyachuja pia majivu ya maganda ya maharage ili kulainishia mboga. Namna ya kuchuja ni hii: chukua ndoo ya plastiki iliyotobolewa matundu madogo chini, tandika nyasi kavu, weka tabaka la mchanga, kisha jaza majivu meupe yaliyochekechwa. Mimina maji ya mvua polepole, ukinge kinachodondoka kwenye chombo kingine. Ukitaka kujua kama yamekolea, tumbukiza yai bichi. Likizama, yapitishe tena kwenye majivu mapya. Likielea na kuonyesha kipande cha ganda chenye ukubwa wa sarafu, hayo ni makali ya kutosha kutengenezea sabuni. Kwa kufulia nguo za kawaida yachanganye na maji mengi, la sivyo yatachubua mikono.

Majivu ya maganda ya ndizi na ya miti migumu yana potashi nyingi. Majivu ya karatasi, plastiki au mbao zilizopakwa rangi hayafai kabisa.

Ndimu na siki zinafanya kazi kinyume cha majivu. Hizi ni asidi, nazo huondoa vile ambavyo majivu hayawezi: kutu kwenye shati, ukoko mweupe wa chokaa ndani ya birika, madoa ya maji kwenye bomba. Shati lenye kutu lipakae ndimu na chumvi, ulianike juani, kisha ulisuuze. Ndimu na chumvi hizo hizo zitang'arisha vinara vya shaba vya altareni kuliko dawa ya kopo, mradi uvisuuze vizuri na kuvikausha, maana asidi ikiachwa juu ya shaba huitia ukijani. Damu itolewe kwa maji baridi na chumvi. Maji ya moto huipika damu, ikaganda ndani ya uzi isitoke tena.

Halafu kuna majani ya mpapai. Wasomaji wa umri wa mama yangu wanayakumbuka kutoka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sabuni ilipoadimika madukani na kipande kimoja kikawa cha kupangia foleni. Mama alikuwa akiyaponda, anayaloweka na nguo, halafu anafikicha. Utomvu wa mpapai una kimeng'enya kinachoitwa papaini, ambacho huvunjavunja protini. Kwa hiyo jasho, damu na maziwa ya mtoto mchanga hulegea. Hautoi povu kama la sabuni ya unga, lakini povu si usafi. Huu ni mzozo ninaokutana nao katika kila semina: watu wanapima nguvu ya sabuni kwa povu, na viwanda vinalijua hilo.

Magadi nayo yana historia ndefu kuliko duka lolote. Yale ya Ziwa Natron na ya Ziwa Magadi huko Kenya ni soda, ndugu wa karibu wa ile potashi ya majivu, na hulainisha maji yenye chokaa ili sabuni kidogo ifue nguo nyingi. Nabii Yeremia katika sura ya 2 anataja magadi na sabuni pamoja, akizungumzia doa ambalo vyote viwili haviwezi kulitoa. Nitarudi kwenye doa la namna hiyo.

Cha asili si lazima kiwe salama

Katika vikundi vingi nimekuta imani kwamba kilichotoka shambani hakidhuru na kilichotoka kiwandani kina sumu. Imani hii inahitaji kurekebishwa taratibu, maana imeshika mizizi.

Mwaka 1964 mtaalamu wa Ethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa mjini Adwa akichunguza kichocho. Wanawake pale walifua nguo mtoni kwa matunda ya mmea uitwao endodi, ambayo hutoa povu zuri. Akagundua kwamba sehemu za chini ya pale walipofulia konokono walikuwa wamekufa. Konokono ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, kwa hiyo ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, na mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Sisi tunaoishi na kichocho kandokando ya Ziwa Victoria tunaweza kufurahi pamoja nao. Lakini tutazame pia upande wa pili: sabuni ya asili kabisa, iliyochumwa kichakani, ilikuwa na nguvu ya kuua viumbe mtoni, na endodi huua samaki pia.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Magadi ya Ziwa Natron yana floridi nyingi, na familia zinazoyatia kwenye chakula kila siku huota watoto wenye meno ya kahawia. Kwa kufulia hayana tatizo. Yakitoka kwenye beseni na kuingia chunguni ndipo yanapoleta madhara.

Mfano wa tatu ndio unaonitia hofu zaidi nyumbani. Mama anasikia kwamba ndimu inang'arisha na Jik inang'arisha, akaona ukichanganya vyote viwili utapata weupe maradufu. Asidi ya ndimu au ya siki ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu, na ndani ya bafu lisilo na dirisha inaweza kuua. Vivyo hivyo kwa Jik na zile dawa kali za kusafishia choo zenye asidi. Jik juu ya mkojo mwingi wa chooni nayo hutoa gesi mbaya. Kimoja kwa wakati mmoja, suuza kwa maji mengi, ndipo utumie kingine.

Wala sisemi Jik itupwe. Kipindupindu kikiingia kijijini, majivu na ndimu havitoshi. Matapishi na kinyesi cha mgonjwa vinahitaji klorini. Jik ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, inatoa klorini ya asilimia 0.5, ambayo ndiyo hutumika kwa kazi hiyo. Ichanganywe siku hiyo hiyo ya kutumika na isiwekwe juani, kwa sababu nguvu yake hupungua. Kamati ya usharika inayotunza chupa mbili kabatini kwa ajili ya dharura haijausaliti mradi wa vitu vya asili.

Nguo zinazotoka mwaloni

Sasa nirudi kwenye lile swali la jiko.

Wasomaji wetu walio mbali wanahitaji maelezo kidogo. Rwamgasa, au Lwamgasa kama inavyoandikwa mara nyingi serikalini, iko Wilaya ya Geita, katika mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera. Wachimbaji wadogo hutoa mawe duarani, huyasaga kwenye karasha, na unga wake huoshwa mwaloni juu ya mbao zenye magunia au mazulia yanayonasa dhahabu. Kile kilichonaswa huchanganywa na zebaki kwenye karai. Zebaki huishika dhahabu na kuiacha michanga. Mchanganyiko huo hukamuliwa kwenye kitambaa ili zebaki ya ziada itoke, na donge linalobaki huchomwa motoni. Zebaki huondoka kama mvuke, dhahabu inabaki.

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, liliendesha mradi wa kimataifa kuhusu zebaki katika nchi sita, na kwa Tanzania eneo lililochaguliwa lilikuwa Rwamgasa. Madaktari waliwapima watu 180 wa Rwamgasa na kuwalinganisha na 31 wa Katoro, mji wa jirani. Walioonekana kuathirika zaidi ni wachomaji wa dhahabu. Mvuke wa zebaki hauna harufu wala rangi. Mtu anauvuta hajui, na dalili huja polepole: mikono kutetemeka, mwendo kuyumba, usingizi kupotea, hasira zisizo na sababu, usahaulifu. Kwa mama mjamzito na mtoto mdogo madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu ubongo wa mtoto bado unajengwa.

Mzigo huo wa kemikali unaingiaje nyumbani? Akina mama wenyewe ndio walionieleza, mimi nikawa mwanafunzi. Unaingia kwa njia ya ufuaji na jikoni.

Kwanza kitambaa cha kukamulia. Mara nyingi ni kipande cha kanga chakavu au cha fulana. Kikitumika kinawekwa mfukoni, suruali inafika nyumbani, na mke anakifua pamoja na nguo za watoto kwa sababu bado kizima na kesho kitahitajika. Pili karai. Karai la kuchanganyia zebaki ni lile lile la kuogeshea mtoto au kufulia, kwa kuwa nyumba nyingi haziwezi kununua mawili. Tatu suruali yenyewe, ambayo mikunjo yake hubeba vitone vidogo kama vichwa vya pini. Zebaki haihitaji moto ili igeuke mvuke. Hata kwenye joto la kawaida la chumba inapanda hewani kidogo kidogo, mchana na usiku, na chumba cha kulala chenye nguo zilizotundikwa ukutani kinajaa. Nne ndiyo ile iliyoulizwa na yule mama: jiko. Dhahabu ikichomewa kwenye jiko la mkaa la kupikia, sehemu ya mvuke hupoa na kutua ukutani, kwenye udongo, kwenye vyombo na kwenye majivu. Mtu akichukua majivu hayo akasugulia sahani, ameiandaa sumu mezani kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa mafunzo ya mratibu wa dayosisi.

Hakuna sabuni inayotatua hili. Watu huniuliza ni kipi kinachoweza "kuua" zebaki: majivu, magadi, ndimu, Jik? Hakuna. Zebaki ni madini, haifi wala haiozi. Ukiifua kwenye nguo umeihamishia kwenye maji, na maji umeyamwaga kwenye bustani ya mchicha au yakatiririka hadi lamboni. Jik ndiyo kabisa isiguse, kwa sababu inaweza kuzidisha ubaya. Hii ndiyo maana nilisema nitarudi kwenye doa lisilotoka kwa magadi wala sabuni nyingi.

Kinachosaidia ni kuzuia isifike nyumbani. Ndiyo mabeseni mekundu, wapendwa. Kila kaya iliyoshiriki imepata beseni moja jekundu ambalo ni la nguo za machimbo tu, na haliingii ndani ya nyumba. Turubai na misumari viko mwaloni. Mchimbaji anavua pale, anatundika pale, ananawa uso, mikono na nywele, anarudi na nguo safi kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi hufuliwa kule kule, na maji yake humwagwa kwenye shimo la mwaloni, mbali na kisima. Kitambaa cha kukamulia hakifuliwi popote. Kinakaa kwenye chupa yenye mfuniko, hapo hapo kazini. Nguo ambayo vitone vya zebaki vinaonekana kwa macho nayo haifuliwi, hata kama ni mpya. Huu ndio ushauri uliokataliwa zaidi, na nauelewa ugumu wake, kwa sababu suruali ya jinsi si kitu rahisi.

Zebaki ikimwagika ndani ya nyumba, usifagie. Ufagio huvipasua vitone vikawa vingi zaidi na kuvisambaza. Toa watoto nje, fungua milango na madirisha, vua pete ya dhahabu kwa kuwa zebaki itaishika, vaa mfuko wa plastiki mkononi, kisha visukume vitone pamoja kwa kadi mbili ngumu hadi viingie kwenye chupa yenye maji kidogo. Funga mfuniko.

Kuhusu kuchoma, lipo chombo cha chuma kilichofunikwa chenye bomba la kupoza mvuke, mafundi wanakiita ritoti. Hunasa sehemu kubwa ya zebaki ikatumika tena, kwa hiyo mchimbaji anaokoa pesa pia. Hata hivyo nacho kitumike nje, mbali na nyumba. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji katika maeneo ya makazi. Jina la mkataba huo ni la mji wa Japani ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani iliyoingia baharini na kwenye samaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Serikali kupitia STAMICO imejenga hapo Lwamgasa kituo cha mfano cha kuchenjua dhahabu bila zebaki. Wazee wa kanisa walio wachimbaji wangefanya vizuri kukitembelea.

Ndimu na mapipa ya sayanaidi

Kituo hicho na mitambo mingi ya uchenjuaji hutumia sayanaidi, na hapa lipo onyo ambalo sikuliona katika kitini chochote cha usafi wa asili. Mapipa na madumu yaliyobeba sayanaidi huwa magumu na mazuri, na yanatamanika kwa kuhifadhia maji au kuivishia sabuni. Yasinunuliwe kwa bei yoyote. Baya zaidi ni mtu kufikiri kwamba ataondoa mabaki kwa kusugua na ndimu au siki. Asidi ikigusa sayanaidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Ndimu ile ile iliyong'arisha kinara cha altareni inaweza kumuua mtu aliyeinamia pipa. Ndoo za kikundi chetu tumezinunua mpya, na stakabadhi ziko ofisini kwa anayetaka kuziona.

Sabuni yenyewe

Kikundi hakikuacha kutengeneza sabuni. Kwa maji ya majivu na mafuta unapata sabuni laini ya kuchotwa kwa kijiko, na ukiipika tena na chumvi ya kutosha inaanza kuwa ngumu. Inachosha na haitabiriki, kwa hiyo kwa sabuni ya mche akina mama wamechagua kostiki soda. Ndiyo, ni kemikali. Ikipimwa sawasawa huisha yote ndani ya sabuni. Kilo 1 ya mawese inahitaji takribani gramu 135. Mizani ni lazima, kikombe hakitoshi. Kostiki humiminwa ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, kwani hulipuka kwa joto na kurukia macho. Sufuria ya aluminiamu isitumike, kostiki huila. Vipande vikae wiki nne kabla ya kutumika. Kikundi kinachotaka kuuza nje ya kijiji kiwaone SIDO kwa ushauri na TBS kwa alama ya ubora.

Nimeulizwa pia kama tunaweza kutia kitu cha "kung'arisha ngozi", kwa kuwa ndiyo inayouzika Katoro. Hapana. Baadhi ya sabuni za kujichubua zinazopita mipakani zina zebaki hiyo hiyo, na tutakuwa tumezunguka mlima mzima na kurudi tulipoanzia.

Kwa sharika zinazojiandaa: kabla ya kuagiza ndoo na vibao vya kugandishia sabuni, fanyeni kwanza ziara ya kaya kwa kaya, mkiwa na mwinjilisti wa mtaa na mama mmoja anayeaminika, na muulize maswali matatu. Dhahabu inachomewa wapi? Karai la machimboni hulala wapi? Nani anafua nguo za kazi? Msiulize mbele ya baba wa nyumba peke yake, atasema hachomi. Sisi tulifanya ziara hiyo baada ya mafunzo badala ya kabla, ndiyo maana bajeti ilibadilika katikati.

Yule mama aliyeuliza swali sasa ndiye anayepokea majivu ya kikundi. Kila anayeleta ndoo humtajia jiko, naye huandika kwenye daftari. Majivu ya jiko lililowahi kuchomewa dhahabu hayapokelewi, hata kama mwenyewe ataapa kwamba lilikuwa siku moja tu. Kwa sasa mengi yanatoka kwa kaya tatu za wakulima na kwenye jiko la kuni la shule, na hayatoshi. Usharika wowote wa jirani wenye majivu safi ya kuni, hasa ya miti migumu au maganda ya ndizi, uwasiliane na ofisi ya mradi. Tutaleta magunia.